Mkono wa Mkwe

Wako wanaume walioingia uuguzi kwa wito, na wako walioingia kwa kukosa nafasi chuo cha ualimu. Ignatius Shikanga aliingia akimkimbia fahali. Ilikuwa Malinya, Jumamosi ya mapigano, fahali wawili wamefungana pembe uwanjani na umati unapuliza filimbi. Mmoja wao akachoka na mwenzake, akageuza shingo, akawatazama watu mia nne waliohudhuria, akamchagua Ignatius. Ignatius alikimbia hadi alipopata mlango ulio wazi, akajitia chini ya kitanda. Mlango ulikuwa wa zahanati na kitanda kilikuwa cha kuzalishia. Muuguzi aliyemkuta huko alimpa ndoo na tambara, akamwambia, "Kwa kuwa umeshafika, fanya kazi." Hakuondoka tena.

Mwaka wa 1996 alikuwa na miaka thelathini na tisa, mke mmoja, watoto wanne, na zamu ya kudumu katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Blasio, mahali ambapo kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, hata akiwa muuza aiskrimu aliyepotea njia. Aliogopa radi, nyuki, askofu na barua yoyote yenye mhuri. Wahenga walisema woga ni umaskini, lakini wahenga hawakuwahi kulazwa Mtakatifu Blasio. Kwa woga Ignatius alipima dawa mara tatu. Kwa woga alisoma jina la mgonjwa mara nne. Na kwa woga huohuo aliokoa watu wengi kuliko ujasiri wa daktari aliyemtangulia pale, ambaye alikuwa jasiri hadi akampasua mtu upande usiouma.

Mapema mwaka huo wafadhili wa ng'ambo walileta mashine ya kushtua moyo. Padri aliinyunyizia maji ya baraka, jambo lililomtoa Ignatius jasho, maana alijua maji na stima havikai nyumba moja. Sista mkuu akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, ikakaa kabatini kama redio ya mwalimu mkuu mstaafu: inaonyeshwa wageni, haiwashwi. Ndipo ikaja barua kwamba kila hospitali itoe mtu mmoja wa kwenda Kakamega mjini kwa siku tatu kujifunza namna ya kuwarudisha watu ambao moyo umesimama. Sista aliuliza nani ataenda. Wengine walikuwa na kikohozi, mazishi, mimba. Ignatius alikuwa bado anatafuta udhuru usio dhambi wakati Sista alipoandika jina lake.

Mafunzo yalifanyiwa ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa Daktari Jeruto, mwanamke mfupi kutoka Eldoret mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko kilima cha pili. Juu ya meza alikuwa amemlaza mdoli wa mpira, kichwa na kifua bila miguu, mdomo wazi, macho darini. Wafagiaji wa kanisa walikataa kuingia. Mmoja alisimama mlangoni akauliza ile nusu nyingine imezikwa wapi.

"Huyu amekufa," Jeruto alisema. "Lakini bado kifo kibichi. Moyo wake haujanyamaza, unatetemeka tu, hausukumi damu. Mna dakika nne kabla ubongo haujaanza kuharibika. Nani anaanza?"

Jeruto alitazama saa yake.

"Dakika tatu."

Wauguzi ishirini walitazamana kama watu walioulizwa nani kavunja sufuria.

"Dakika mbili. Mnamjua huyu? Ni mzazi wa mmoja wenu."

Ndipo Ignatius aliposogea, si kwa ushujaa, ila kwa sababu mtu wa nyuma alimsukuma. Aliweka viganja juu ya kifua cha mpira akabonyeza, na mdoli akatoa sauti ya kukwaruza ambayo ilimfuata usingizini siku zote tatu.

Walifundishwa kubonyeza na kupuliza. Walifundishwa kusoma mstari kwenye kioo: huu ni wa moyo mzima, huu ni wa moyo unaotetemeka, na huu uliolala kama barabara ya kwenda Webuye ni wa mtu wa kuombewa. Walifundishwa kushika pasi mbili za mashine, vile vibao vya kupitishia umeme, moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto, zipakwe jeli kwanza zisichome ngozi. Na walifundishwa neno. Kabla ya kuachilia umeme sharti mshika pasi atoe sauti ili watu wote wasogee, asije mmoja akabaki ameshika kitanda, wakawa maiti wawili kwa bei ya mmoja. Neno lilikuwa la Kiingereza, na kwa vinywa vya wenyeji lilitoka hivi: klia.

"Kwa nini tusiseme tu 'kando'?" Ignatius aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu kitabu kimesema klia," Jeruto alijibu. "Amerika ni klia, India ni klia, na Kakamega itakuwa klia. Sema."

"Klia."

"Nani amesikia? Umeshamuua mhudumu wako. Tena."

Siku ya mtihani Ignatius alijua kila kitu, kwa kuwa hofu ilimkesheza na kitabu mpaka akakijua pamoja na jina la mchapishaji. Jeruto alimtilia sahihi cheti, kisha akamvuta kando. "Bwana Shikanga, wewe mikono yako inajua kuliko wewe. Siku ikifika, usiiulize maswali."

Alirudi Mtakatifu Blasio akiomba siku isifike. Kila alipopita karibu na lile kabati alitembea upande wa pili wa ukuta. Hata hivyo, kila Ijumaa aliifunua mashine, akaichaji, akaifunika tena, kwa kuwa aliogopa pia kukutwa haina moto. Akamfundisha Makhanu, mhudumu wa wodi, kubonyeza kifua, wakitumia mto wa kapoki. Makhanu alikuwa mtu mnene, mtiifu, mwenye machozi ya karibu. Kwa mto alikuwa hodari kabisa. Lile neno la Kiingereza Ignatius hakumfundisha, maana aliona haya kupigia mto kelele.

Sasa, kwa watu wa huku, mwanamume na mama mkwe wake ni watu wa kuogopana. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawakalii kiti kimoja hata kwa zamu. Wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye mahindi. Ignatius alikuwa ameoa miaka kumi na mitano, na sehemu ya mama mkwe wake aliyoifahamu vizuri ilikuwa mgongo ukizama kwenye mahindi. Mama huyo aliitwa Khalayi, mjane wa miaka sitini na miwili, mzaliwa wa Matungu aliyeolewa huku, na aliishika heshima hiyo kuliko wenyeji wenyewe. Mdogo wake wa kiume, Mzee Hezekiah, aliishika kuliko yeye. Mwaka uliotangulia Hezekiah alimrudisha binti wa ukoo nyumbani kwao na watoto wawili kwa sababu mkwe alikuwa ameruka miguu ya mama mkwe aliyelala kwenye mkeka. Kuruka tu, wala hakugusa. Utakaso ulikuwa bado unapangwa, na yule mkwe alikuwa anajipikia.

Ignatius aliyacheka mambo hayo akiwa kazini na kuyaamini akiwa nyumbani. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba mkono unaomgusa mama mkwe mwilini hutetemeka mpaka kaburini, na watoto wa mwenye mkono huo hukonda bila ugonjwa. Alikuwa na cheti cha kushtua moyo, ndiyo. Lakini cheti hakikusema lolote kuhusu watoto kukonda.

Jumanne moja ya Julai, saa sita mchana, pikapu ya Mzee Hezekiah iliingia uani ikipiga honi. Daktari mwenyewe alikuwa Kisumu kufuata dawa. Muuguzi mwingine alikuwa chumba cha kuzalishia na mtoto aliyeamua kutanguliza makalio, hakuweza hata kugeuza shingo. Makhanu alimpokea mgonjwa mlangoni, akamlaza kitanda cha kwanza, akaja mbio.

"Daktari, ni mama mmoja, kifua kinambana, anatoka jasho kama amenyeshewa."

"Anaitwa nani?"

Makhanu alitazama viatu vyake. "Ni mama wa Mama Abigail."

Mama Abigail alikuwa Teresa, mke wa Ignatius.

Ignatius alilivuta pazia la kijani kati ya kitanda na meza, akasimama nyuma yake. Hezekiah alikuwa amekaa nje kwenye benchi la ukumbini, karibu na dirisha, pamoja na wanawake wawili watatu wa jirani waliomsindikiza mgonjwa. Masikio yao yote yalikuwa ndani.

"Makhanu," sauti ya Khalayi ilisema, nzito, "mwambie daktari maumivu yako hapa katikati, halafu yanashuka mkono."

Makhanu aligeukia pazia. "Daktari, anasema maumivu yako..."

"Nimesikia. Muulize yalianza lini."

"Mama, anauliza..."

"Kwani nimekuja kwa ajili ya masikio? Mwambie tangu chai ya asubuhi."

"Daktari, tangu chai ya asubuhi."

"Muulize kama anahisi kutapika."

"Mwambie nahisi kutapika nikiulizwa maswali mengi."

Makhanu alifikiri kidogo. "Anasema ndiyo."

Mkono wa Ignatius ulitokeza pembeni mwa pazia ukiwa na kidonge cha aspirini, kisha na bomba la hewa. Makhanu alitia hiki mdomoni, kile puani. Mkono ulianza kutetemeka hata kabla ya kosa. Ignatius alijua haya maumivu. Yalikuwa ukurasa wa tisa wa kitabu, na ukurasa wa kumi ulikuwa mbaya. Alienda kabatini, akaitoa mashine pamoja na kitambaa chake cha maua, akaisogeza nyuma ya pazia. Akaomba isitumike. Akamwomba Mtakatifu Blasio, kisha akakumbuka kwamba huyo hushughulika na koo, akapanda moja kwa moja kwa Mungu.

"Makhanu," Khalayi alisema, "mwambie huyo..."

Hakumaliza.

"Nimwambie nini, mama?" Makhanu aliuliza. Akangoja. "Mama? Nimwambie nini?"

Nyuma ya pazia Ignatius alisikia mkoromo mmoja, kama gunia linaloburutwa, halafu hakusikia kitu. Kwa miaka ishirini ya uuguzi alikuwa amezoea kelele za wagonjwa, na kilichomtisha daima ni pale wanaponyamaza. Mtu akisema aliamua, atakuwa anamsingizia. Ignatius hakuamua lolote. Alikuwa bado anajiuliza kama Teresa atarudishwa kwao na watoto au bila watoto, wakati alipoona pazia limeshafunguka na mkono ulioshika pazia ni wake.

Khalayi alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Shingoni hapakuwa na mpigo.

"Panda, bonyeza," alimwambia Makhanu. "Kama mto."

Makhanu akabonyeza. Gauni lilikuwa la vifungo mbele, la kitambaa kigumu cha Jumapili, na vidole vya Ignatius viligoma kufungua hata kimoja. Kwa hiyo akavuta. Vifungo viliruka ukutani, kimoja kikabaki kwenye kiganja chake, na kifua cha mama mkwe wake kikawa wazi mchana kweupe. Hakuanguka akafa. Hilo lilimshangaza kidogo. Akabandika nyaya za kioo kifuani, akapaka jeli, akaweka pasi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni, ngozi ya mama yule ikiwa baridi na ya unyevu chini ya kingo za vidole vyake, akatazama kioo. Mstari ulitapatapa kama mwandiko wa mlevi. Moyo unaotetemeka. Akaweka nguvu ya umeme kwenye mia mbili. Mashine ikaanza kupandisha mlio wake, ukawa mwembamba, ukawa mwembamba zaidi.

"Klia!" Ignatius akapiga kelele, safari hii kwa sauti ambayo Jeruto angeisikia Eldoret.

Makhanu alikuwa amefanya kazi wodini miaka kumi na minane, na hakuwahi kumsikia daktari akitoa amri ya namna hiyo. Wenzake wengine huficha, husema "tumefanya tuliloweza", hukuita faraghani. Huyu amesema wazi: lia. Basi, Makhanu aliachilia kitanda, akarudi nyuma hatua tatu, akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa aproni na kulia kwa moyo wake wote. "Uuuwi, mama yetu, umetuacha na nani!"

Umeme ukapita. Mwili ukaruka, ukatua. Nje, Mzee Hezekiah alisikia kilio cha mtu wa ndani na hakuhitaji maelezo. Akaunguruma jina la dada yake, na wale wanawake wakapokea. Kijana wa baiskeli aliyekuwa amekuja kumwona mkewe akageuza usukani pale pale kupeleka habari.

Mstari bado ulitapatapa.

Ignatius sasa alikuwa peke yake kabisa. Msaidizi wake alikuwa msibani. Aliongeza hadi mia tatu, na wakati mlio unapanda aliona jambo ambalo hakuwa amelifikiria: kwamba akishindwa hapa, atakuwa mtu aliyemvua nguo mama mkwe wake akiwa anakufa, na hakuna mzee wala ng'ombe duniani wa kulitakasa hilo. Wazo hilo lilimtia hofu kubwa hivi kwamba zile hofu nyingine zote zikakosa mahali pa kukaa.

"Klia!"

Nje, kama waumini wanaoitikia, kilio kikaongezeka maradufu.

Mwili ukaruka. Mstari ukalala. Ulilala kama barabara ya Webuye, na Ignatius akausindikiza kwa macho mpaka mwisho wa kioo, na haukuinuka. Akaziangusha pasi. Akapandisha goti moja kitandani, akaweka viganja mahali panapostahili, akabonyeza, moja, mbili, tatu, huku akisikia kilekile kilichokwaruza ndani ya mdoli, ila sasa kilikuwa mbavu za mtu anayemjua kwa mgongo. Kumi na nne, kumi na tano. Akauinamisha uso, akaweka mdomo juu ya mdomo, akapuliza mara mbili. Akahesabu tena. Aliporudi kupuliza awamu ya nne, pumzi ilimrudia usoni. Kioo kilikuwa kinapiga: kidogo, kisha nafasi, kisha kidogo tena, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Khalayi alifungua macho.

Walitazamana. Kwa miaka kumi na mitano hawakuwahi. Yalikuwa macho ya Teresa, yamewekwa kwenye uso mwingine, na yaliona kila kitu: goti kitandani, jeli, gauni. Ignatius alilivuta blanketi hadi kidevuni mwa mama, akashuka, akarudi nyuma ya pazia na kulifunga. Huko alishika meza kwa mikono miwili. Ilitetemeka, na meza ikatetemeka nayo.

"Makhanu," alisema. "Nyamaza. Inuka umshike mama mkono. Hesabu mpigo, umtilie dripu."

Makhanu alishusha aproni, akamwona marehemu anamtazama. Alitambaa kwa magoti hadi kitandani.

Kuwanyamazisha wa nje ilikuwa kazi ngumu zaidi, maana kilio kikishapata uzito hakina breki. Robo saa ilipita kabla Hezekiah hajakubali kuingia, na alipoingia alikuja na Teresa, aliyekuwa ametoka sokoni mbio, leso amefunga kiunoni kwa ajili ya msiba. Walikuwa wamejiandaa kuona maiti. Maiti iliomba maji.

Teresa alipiga magoti akaushika mguu wa mamake kupitia blanketi. Hezekiah alimshukuru Mungu kwa urefu unaostahili. Kisha akakohoa, na Ignatius nyuma ya pazia akakijua kikohozi hicho cha kufungua kesi.

"Dada, pole. Sasa hebu tuelewe. Daktari mkubwa yuko Kisumu. Muuguzi wa kike yuko chumba cha kuzalishia. Na hapa blanketi lilipoteleza, chini ya shingo, naona alama nyekundu, kama ya pasi." Akainama kuitazama vizuri. "Nani alikushughulikia?"

Mashine ilipiga polepole. Ignatius aliuona mlango wa nyuma wa wodi, akapima umbali, akaona hataufikia.

"Makhanu," Khalayi alisema. Sauti ilikuwa imechakaa, kila neno likitoka peke yake. "Mwambie Hezekiah ni mashine iliyonigusa. Mkwe wangu alikuwa nyuma ya pazia. Hakutoka."

Makhanu alimgeukia Hezekiah, kisha akaona si lazima.

"Kweli wewe?" Hezekiah alimuuliza. "Ulikuwepo. Uliona nini?"

"Mimi, mzee," Makhanu alisema, na hakuna aliyewahi kusema ukweli mtupu kuliko huo, "nilikuwa nalia."

Hezekiah alilitazama pazia la kijani kwa muda mrefu. Chini yake vilionekana viatu viwili vimeelekezana vidole. Hatimaye akavaa kofia, akasema anatoka kuwaambia wale wanawake waache kutafuta majani ya migomba ya msiba.

Teresa aliinuka. Alizunguka pazia, akamkuta mumewe ameinamia meza. Alichukua mkono wake wa kulia, uliokuwa umefumbwa, akaukunjua kidole kimoja kimoja. Kiganja kilikuwa kimejaa jeli, na katikati ya jeli kulikuwa na kifungo cha gauni la Jumapili la mamake. Aliusikiliza mchakacho wa viatu vya mjomba ukitokomea ukumbini. Kisha akakifuta kile kifungo kwa ncha ya leso, akakitia kifuani mwake.

"Nawa mikono, Baba Abigail," alinong'ona. "Nawa haraka."